Kaione Njia Kwanza

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari wa Wazo wanaojiandaa kwenda hija Bagamoyo kwa miguu)

Nasikia mnataka kutembea kutoka hapa Wazo hadi Bagamoyo, kilomita 40 na kitu. Safi sana. Ila nina swali: nani kati yenu ameshaiona njia? Simaanishi kuipita huku umesinzia kwenye basi.

Mimi nilitembea hija mara ya kwanza nikiwa kidato cha tatu, si huku, kwingine. Hakuna aliyetangulia kukagua. Tuliambiwa mbele kuna bomba. Tulipofika, bomba kavu. Saa saba mchana mwenzetu akaanza kuongea mambo yasiyoeleweka, anayumba, mwili unawaka moto. Tukadhani ni mapepo! Tukamzunguka, tukaanza kumwombea palepale juani. Mama mmoja muuza mihogo akatufokea: "Mwekeni kivulini, mmwagieni maji!" Akatoa ndoo yake mwenyewe. Mwenzetu alilazwa siku mbili, akapona. Lakini joto la namna ile linaua. Mtu akiwa hivyo, mpozeni haraka kwa maji, mpepeeni, mkimbizeni hospitali. Kama hajitambui, msimnyweshe kitu.

Sasa utasema, "Dada, tutakaguaje njia na gari hatuna?" Jamani, mwenye gari ndiye asiyeona. Panda daladala hadi Bunju, shuka, tembea kipande: vuka Mto Mpiji, ingia Mapinga, fika Kerege. Ukichoka, panda gari urudi nyumbani. Wiki nyingine anzia Kerege, endelea Zinga na Kiromo. Mwenye baiskeli naye aingie barabara za ndani. Nendeni wawili au watatu, na nyumbani wajue mlipo.

Nenda mchana, maana mti unaokupa kivuli saa mbili asubuhi, saa sita hauna msaada. Fungua bomba kwa mkono wako, usiridhike kuliona. Muulize mama lishe maji ya kunywa anayatoa wapi. Pita kwenye zahanati uulize kama Jumapili kuna mtu. Maji ya mto usiyanywe wala usiyaogelee. Kichocho hakijali kwamba uko safari takatifu.

Na barabarani tembea upande wa kulia, magari yakujie usoni. Mkianza alfajiri, vaeni nguo nyeupe.

Waliotembea kuliko sisi walilijua jambo hili la kutangulia. Mwaka 1873 Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wa David Livingstone kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Kabla msafara haujafika Unyanyembe, pale Tabora, Chuma alitangulia na wachache kupeleka habari. Februari 1874 waliufikisha mwili Bagamoyo, kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, hiyo hiyo mnayoiendea.

Viatu? Kagulia njia kwa vile vile utakavyovaa siku ya hija. Kiatu kipya ni malengelenge. Likitokea lengelenge, usilipasue, lisafishe, lifunike. Beba chumvi na sukari pia. Mtu akiharisha: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi.

Msichana mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, na tukiwa kwenye siku zetu?" Swali zuri kuliko yote, na wavulana msicheke, ninyi ndio mtakaoombwa kusubiri. Unaweza kutembea vizuri tu. Ila unahitaji choo chenye mlango na maji kila baada ya saa chache. Hicho nacho kiandikwe kwenye daftari: kiko wapi, ufunguo anao nani. Mwaka ule sisi hatukuandika, wenzetu wakajificha vichakani.

Jumamosi tunaanza na Bunju hadi Kerege. Tukutane Tegeta stendi saa 3 asubuhi, kila mtu na chupa yake ya maji na kofia. Daftari nitaleta mimi.