Ujiji ni zaidi ya Livingstone

Mgeni akishuka Kigoma, wenyeji humpeleka Ujiji, kwenye mnara wa kumbukumbu ya Stanley kukutana na Livingstone mwaka 1871. Si vibaya. Kosa ni kuamini kwamba historia yetu ilianza siku ile.

Msikilizaji, twende Uvinza, humu humu mkoani Kigoma. Mwaka 1967 mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Tabaka za chini zilitoa vigae vya vyungu vya mwanzo wa Zama za Chuma. Maana yake, watu walifika kwenye chumvi ile zaidi ya miaka elfu moja kabla wapelelezi Waingereza Burton na Speke hawajaliona Ziwa Tanganyika, mwaka 1858.

Lakini kigae hakisemi kitu peke yake. Mtaalamu huangalia kilikuwa tabaka gani na kililala na mkaa upi, kwa sababu mkaa hupimwa umri. Ukikichomoa ukakiweka kabatini, umebaki na pambo tu.

Hapa Rusimbi, Kigoma-Ujiji, tunachimba misingi na mashimo ya vyoo kila mara, katika mji ilikoishia njia ya misafara kutoka Bagamoyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Basi fundi, sururu ikikutana na vigae au shanga, simamisha kazi, usiviguse, mwite afisa utamaduni wa manispaa.