Vidonge vya Magoti na Tezi za Juu ya Figo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Shimanzi)



Leo hatukuwaita kwa habari ya mshahara. Tumewaita kwa ajili ya vidonge.

Sisi wa magodauni twabeba magunia, na sisi wa matangi ya mafuta twakesha zamu ya usiku. Magoti hayatupi raha. Basi mtu huenda dukani, akapewa vidonge viwili katika karatasi isiyo na jina, na jioni anatembea kama kijana. Kesho hurudi. Mwezi wa tatu uso umejaa, nasi twampongeza, "Mwenzetu amenawiri!" Kumbe amevimba.

Mara nyingi vidonge hivyo ni prednisoloni au deksamethasoni. Si sumu. Mwaka 2020 ilionekana kwamba deksamethasoni huokoa wagonjwa wa Korona walio hoi, wanaosaidiwa kupumua. Lakini hapo daktari yupo, na siku zimehesabiwa.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Hutoa adrenalini, ile inayokupiga moyo mzigo ukiponyoka kwenye kreni, na kortisoli, inayoushikilia mwili wakati wa homa au jeraha. Amri hutoka kichwani. Ukimeza vidonge hivi kila siku kwa majuma, ubongo huona dawa inatosha, huacha kuamuru, na tezi hulala kama kibarua aliyeambiwa leo hakuna kazi. Pesa zikiisha ukaacha ghafula, tezi haiamki upesi. Pengine huchukua miezi.

Hivyo ndivyo alivyoanguka mwenzetu getini: kizunguzungu, kutapika, presha imeshuka. Sisi tulisema malaria. Mkewe ndiye aliyefika hospitali na vidonge vilivyobaki, na daktari akajua la kufanya. Bila mama yule tungalizika.

Hata chupa za "mitishamba" zinazoponya viungo kwa siku moja, nyingine zimekutwa zimetiwa dawa hizi kwa siri. Na miraa ya zamu ya usiku nayo hupandisha presha na kuupiga moyo mbio; tusiichanganye na vidonge tusivyovijua.

Sasa sikilizeni vema. Aliyemeza kwa majuma matatu au zaidi asivitupe leo kwa sababu ya maneno yetu. Amwone daktari, apunguziwe kidogo kidogo, na akiumia kazini aseme mapema kwamba anavitumia.

Wenye vidonge mfukoni wabaki kidogo baada ya mkutano. Mganga msaidizi yuko hapa, atavitazama pamoja nasi.