Majani Mabaya Yenye Tunda la Miiba

Baba na mama, leo nawaonyesha jani moja ambalo ninyi wote mmekwisha kuliona. Linaota katika mashamba ya mihindi, kando ya barabara ya malori, na zaidi penye takataka na samadi. Pwani ya Waswahili wanaliita mnanaha. Wenye elimu ya majani wanaliita Datura stramonium. Asili yake ni Amerika. Linaota na mvua, linazaa, linakufa mwaka ule ule. Nalo lina sumu toka mizizi hata mbegu.

Litazameni vizuri. Linafika kiunoni, mara nyingine kifuani. Shina ni laini, linagawanyika mbili mbili kama panda. Majani ni mapana, yenye meno makubwa yasiyo sawasawa. Ua ni refu kama kidole, mfano wa tarumbeta, jeupe ama la zambarau, hufunguka jioni. Tunda ni kama yai dogo lenye miiba, limesimama juu. Likikauka linapasuka sehemu nne, na ndani mna mamia ya mbegu nyeusi, bapa, umbo la figo.

Tunda lile halidanganyi mtu. Hatari ni jani likiwa changa, maana majani ya kwanza hayana meno bado, tena linapenda udongo ule ule ambapo mama anachuma lengalenga. Basi mama, ukiwa na shaka, sugua jani, unuse. Hili linanuka vibaya. Lengalenga halinuki hivyo. Shaka ikibaki, tupa. Kisha nawa mikono, usiguse macho. Wala msiseme moto utaua sumu: kupika hakuiondoi, kuanika hakuiondoi.

Mtu aliyekula anakauka kinywa, mwili unakuwa moto pasipo jasho, mboni za macho zinapanuka, moyo unakimbia. Baadaye anasema ovyo na kushika vitu visivyokuwapo. Hapo wengine watasema amerogwa, wataanza kutafuta jirani wa kushtaki, na saa zinapita. Hapana! Mpelekeni lopitalo mara moja, na tawi la jani mchukue, munganga alione. Msimtie vidole kooni, msimwache peke yake. Watoto wanaochezea mbegu ndio wa kuangaliwa kwanza.

Tena kuna magunia. Mbegu hizi zikichanganyika na maharagi ama mihindi yenu, zitafika katika bukari ya mtu wa kambi ya shaba, naye hakuona shamba lako. Mihindi chekecheni, maharagi chagueni kwa mkono. Mtama ni taabu, sababu punje zake ni ndogo vilevile. Shamba la mtama lisafisheni kabla ya kuvuna.

Dawa kubwa ni kung'oa kabla ya tunda. Mimi mwenyewe nilikosa: niling'oa yenye matunda mabichi, nikayarundika njiani. Matunda yalikomaa pale pale, na mvua iliyofuata njia yote ilijaa. Yenye tunda yachomwe, mbali na nyumba, na mtu asisimame katika moshi. Msifukie, maana mbegu zaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 30 na kuota tena.

Kesho asubuhi tunaanza nyuma ya soko. Leteni majembe. Mwenye kidonda mkononi asishike majani, afanye kazi ya moto.