Vazi la asili la China halikushonwa siku moja



Mtu akitajiwa vazi la asili la China, mara nyingi hufikiria vazi moja tu: gauni refu la hariri linalobana mwili, lenye kola iliyosimama shingoni, vifungo vya kamba za kitambaa na mpasuo ubavuni. Vazi hilo huitwa qipao. Wengi hudhani kwamba limevaliwa tangu enzi za wafalme wa kale. Kumbe qipao kama linavyojulikana leo lilipata umbo lake mjini Shanghai katika miaka ya 1920 na 1930. Hapo ndipo linapozuka swali: vazi la asili ni lipi, na ni nani mwenye haki ya kulipa jina hilo?

SURUALI YA WAPANDA FARASI

Mavazi ya kale ya Wachina wa kabila la Han, ambayo siku hizi huitwa hanfu, yalikuwa makanzu mapana, upande wa kushoto ukilazwa juu ya ule wa kulia na kufungwa kwa mshipi. Ufundi wake ulikuwa wa ajabu. Mwaka 1972, katika makaburi ya Mawangdui mjini Changsha, wataalamu walifukua kanzu ya hariri ya mwanamke aliyefariki zaidi ya miaka 2,100 iliyopita. Kanzu hiyo nzima, pamoja na mikono yake mirefu, ina uzito wa gramu 49, yaani kama yai moja la kuku.

Hata hivyo, watu wenye ufundi wa namna hiyo hawakuona haya kuiga kwa jirani. Mwaka 307 kabla ya kuzaliwa Kristo, Mfalme Wuling wa dola la Zhao aliwaamuru askari wake waache makanzu na wavae suruali, kama walivyovaa maadui zao wa kaskazini waliopigana wakiwa juu ya farasi. Wakubwa wa baraza walinung'unika kwamba mila inavunjwa, lakini mfalme hakurudi nyuma. Wahenga wa Kiswahili husema kwamba cha kuazima hakisitiri maungo. Suruali ile ya kuazima iliwasitiri askari wa Zhao, kwa sababu dola lao lenyewe liliichagua kwa haja yake.

NGUO KWA AMRI YA UPANGA

Haikuwa hivyo baadaye. Wamanchu waliutwaa mji wa Beijing mwaka 1644, na mwaka uliofuata watawala hao wa enzi ya Qing waliwaamuru wanaume wa Han wanyoe nywele za mbele, wasuke mkia kisogoni, na kufuata mavazi ya Kimanchu. Aliyekaidi alihatarisha kichwa chake. Miji ya Jiangyin na Jiading iliyoasi amri hiyo ilipata mauaji makubwa. Vazi lililoingia kwa upanga likakaa miaka zaidi ya mia mbili na hamsini, hata wajukuu wakaliona kuwa ndilo la asili.

Ufalme ulianguka mwaka 1912, na mikia ikakatwa. Ndipo Wachina walipojichagulia tena. Wanaume walipata koti la mifuko minne, lenye kola iliyokunjwa na vifungo katikati, ambalo mshono wake ulitokana na sare za Kijapani na za Kizungu. Liliitwa vazi la Zhongshan, kwa jina jingine la Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi yaliyouondoa ufalme. Wanawake, wakitanguliwa na wanafunzi na walimu wa mijini, walichukua kanzu ya Kimanchu wakaikata upya kwa ukataji wa Kizungu unaofuata umbo la mwili. Mwaka 1929 serikali ililitambua qipao kuwa vazi rasmi la wanawake.

Mao Zedong alipotangaza Jamhuri ya Watu wa China tarehe 1 Oktoba 1949, alivaa koti hilo la Zhongshan. Mtindo wake ulivuka bahari, na Mwalimu Julius Nyerere alionekana mara nyingi katika suti iliyofanana nalo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968, kilijengwa kwa msaada wa China. Lakini kilichotoka humo kilikuwa khanga na vitenge, kwa sababu hayo ndiyo yaliyotakiwa na mama wa Kitanzania.

Huko China kwenyewe, qipao liligeuka kuwa kosa. Wang Guangmei, mke wa Rais Liu Shaoqi, alilivaa alipozuru Indonesia mwaka 1963. Mwezi Aprili 1967, katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Walinzi Wekundu walimvisha qipao kwa nguvu, wakamtundika shingoni mkufu wa mipira ya tenisi ya mezani, na kumdhihaki mbele ya halaiki. Nguo ile ile iliyokuwa rasmi mwaka 1929 ilitumiwa kumvunjia mtu heshima.

MKASI WA PARIS NA MKASI WA BEIJING

Qipao lilinusurika Hong Kong, walikokimbilia mafundi wengi wa Shanghai. Filamu ya Wong Kar-wai ya mwaka 2000, In the Mood for Love, ambamo mwigizaji Maggie Cheung anabadilisha qipao zaidi ya 20, ililirudisha machoni pa ulimwengu. Mafundi wa Ulaya nao walikuwa wamekwisha kuchota. Mwaka 1977 Yves Saint Laurent alionyesha mjini Paris mavazi aliyoyabuni kwa kuiwaza China. Leo kola ya kusimama, vifungo vya kamba na mkunjo wa kifuani huonekana madukani kila mahali, na wengi wanaovinunua hawajui vilikotoka.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mwaka 2022 nyumba ya mavazi ya Dior ilitoa sketi ya marinda na kuieleza kuwa ni umbo lake mashuhuri. Wachina wengi waliitambua mara moja kuwa ni mamianqun, sketi ya enzi za Ming na Qing, bapa mbele na nyuma, yenye marinda ubavuni. Mwezi Julai wanafunzi wa Kichina waliandamana mjini Paris. Hawakudai kwamba wageni wasiivae. Walidai asili yake itajwe.

Dai hilo ni la haki, ila nalo lina mtihani wake. Mwaka 2001, viongozi waliokutana Shanghai katika mkutano wa nchi za Asia na Pasifiki walivishwa koti lililoitwa la Tang, ilhali mshono wake ni wa enzi ya Qing, miaka mingi sana baada ya Tang. Vijana wanaovaa hanfu mitaani tangu mwaka 2003 nao hubishana wao kwa wao ni ipi iliyo halisi.

Lililo dhahiri ni kazi ya mikono. Mjini Nanjing, wafumaji wawili hushirikiana katika mtambo mmoja mkubwa wa mti, na kwa siku nzima hupata sentimita chache tu za hariri ya yunjin. Guo Pei wa Beijing alitumia karibu miaka miwili kukamilisha joho la manjano alilolivaa mwimbaji Rihanna mjini New York mwaka 2015. Mwalimu anayefundisha utamaduni na mtumishi anayeulinda watakuwa wamefanya vyema wakianzia hapo: mila haipungukiwi kwa kuazima wala kwa kuazimwa. Hupungukiwa pale mwenye sindano anaposahauliwa, na mwingine akaandika jina lake juu ya kazi hiyo.