Chama ni Daftari

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa komini ya Annexe, Lubumbashi)



Mmetuita tuseme juu ya vyama vya siasa. Sisi si wakubwa, ni makarani wa mgodi. Mtu asiyeandikwa katika kitabu cha kazi hapati mshahara mwisho wa mwezi, na falanga isiyoandikwa imekwisha kupotea. Wazee husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi leo tupime vyama kwa kipimo hicho.

Tuanze nyumbani. CONAKAT ilizaliwa mwaka 1958, na BALUBAKAT nayo ikazaliwa kabla ya uhuru. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye Katanga ikajitenga. Vyama havikupata muda wa kujifunza kushindana kwa maneno. Vijana wa BALUBAKAT na askari wa Katanga wakapigana, damu ikamwagika Kaskazini.

Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu akachukua utawala, akafunga vyama, na mwaka 1967 akaunda MPR. Kila mtu alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa. Lakini Mobutu alipokimbia Mei 1997, mamilioni hayo ya wanachama walikuwa wapi? Hakuna anayekilinda chama asichokiingia kwa hiari yake.

Kabla ya hapo, Aprili 1990, vyama viliruhusiwa tena. Mkoa wetu, wakati ule ukiitwa Shaba, ukaona matunda machungu. Mwaka 1992 na 1993 wenzetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba na kazi zao, na vijana wa chama cha UFERI walikuwamo. Watu wakalala katika stesheni ya Likasi wakingoja treni. Wakati ule tulikuwa watoto, lakini wazazi wetu waliona.

Kisha ikaja vita ya 1998. Kwa mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002, waasi wa RCD na MLC waliingia serikalini, na sheria ya Machi 2004 ikakataza chama chochote kuwa na jeshi. Tusilidharau jambo hili. Mtu kuacha bunduki na kuja kuomba kura ni hatua kubwa.

Lakini tazameni hesabu. Mwaka 2006 Ruberwa wa RCD, akitaka urais, hakufikisha kura 2 kwa mia. MLC ilipata viti 64 kati ya 500 vya Bunge. Machi 2007 walinzi wa Bemba na askari wa serikali wakapigana Kinshasa. Bemba akaondoka nchini, na mwaka 2008 akakamatwa Ubelgiji. Katika uchaguzi wa 2011 chama chake kikapata viti 22. Hata PPRD ya Rais Kabila, iliyokuwa na serikali mkononi, ilishuka kutoka viti 111 hata 62.

Maana yake nini? Bunduki ziliwekwa chini, lakini daftari halikuandikwa. Chama kilibaki mali ya mwenyewe. Akisafiri, chama kinalala. Akihama, kinahama naye. Katiba ya 2006 inasema kuweka chama kimoja tu nchini ni uhaini. Lakini chama cha mtu mmoja, nani atakikataza? Ni sisi.

Nasi tuungame: wengine wetu tulichukua karte ya chama kwa kutumaini kazi, wengine kwa fulana na mfuko wa unga. Fulana imechanika, unga umekwisha, na barabara ya mtaa bado ni matope.

Basi, wandugu, akija mtu wa chama mlangoni, mpeni kiti, kisha mwulizeni mambo matatu. Kitabu cha wanachama kiko wapi, na majina yetu yameandikwa humo? Nani anahesabu fedha, na mbele ya nani? Mkutano wa kuchagua mkuu mpya ni lini, na yule anayeshindwa anakaa salama? Tena mwangalieni jirani yenu wa kabila lingine: naye amekaribishwa?

Waulizeni kwanza sisi tuliosimama hapa. Tukikosa jibu, msitupe kura. Watoto wetu wasije wakalala stesheni kwa sababu sisi tuliona haya kuuliza.