Sheria Ilivyomwona Mtoto, Kutoka Mkoloni hadi Machimbo ya Leo



Katika mikutano ya vijiji nimeulizwa: Serikali ilianza lini kuingilia malezi ya watoto wetu? Ilianza zamani, ila kila utawala ulimtazama mtoto kwa jicho lake.

Mwaka 1937, chini ya Mwingereza, Tanganyika ilitungiwa Sheria ya Watoto na Vijana. Ilimkodolea macho zaidi mtoto aliyekosa: ahukumiwe wapi, arekebishwe vipi. Baada ya Uhuru kinga ya mtoto ikawa shule, na Azimio la Musoma la 1974 likataka watoto wote wa rika la shule waandikishwe ifikapo 1977. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au 14 kwa idhini ya mahakama. Huku anaitwa darasani, huku ng'ombe wa mahari wanahesabiwa! Mahakama Kuu ilivikataa vifungu hivyo mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019.

Sheria ya Mtoto ya 2009 ndiyo iliyotamka kwamba mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na ikautaja uchimbaji madini miongoni mwa kazi za hatari asizopaswa kufanya.

Hapa niseme wazi. Katika machimbo madogo, Geita na kwetu Shinyanga, watoto wamekuwa wakishuka kwenye maduara, wakibeba viroba vya mawe, wakivuta vumbi la karasha na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Dhahabu inapochomwa, mvuke wa zebaki humfikia hata kichanga aliye mgongoni mwa mama yake. Sumu hiyo hudhuru ubongo, na ubongo unaokua huumia zaidi.

Wapo wanaosema, "Anasaidia familia tu." Kuchota maji au kuchunga mbuzi baada ya masomo ni msaada, na sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Zebaki si kazi nyepesi, hata kwa mtu mzima.

Ukimwona mtoto mwaloni saa za masomo, mwone Mtendaji wa Kijiji au Afisa Ustawi wa Jamii, fika Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au piga 116 bila malipo.