Kazi Haiishii Siku ya Kuajiriwa

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri mbele ya kikao cha madiwani, watendaji wa kata, waajiri na wazazi, kuhusu huduma ya kuwasaidia watu wazima wenye ulemavu wa akili na usonji kupata kazi na kudumu nayo.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Watendaji wa Kata, wawakilishi wa waajiri, wazazi na walezi, na ninyi vijana wetu mliofika leo:

Naomba nianze kwa kueleza kosa la ofisi yangu mwenyewe, kwa sababu mengi nitakayoyasema yametokana na kosa hilo.

Kijana mmoja mwenye ulemavu wa akili alipata kazi katika karakana ya useremala kwa jitihada zetu. Tulimpeleka, tukamtambulisha, tukapiga picha, na katika taarifa ya robo mwaka tukaandika kuwa ameajiriwa. Baada ya miezi minne alikuwa amerudi nyumbani. Fundi aliyemzoea alihama, na aliyeshika nafasi yake alikuwa na desturi ya kutoa maagizo matatu kwa pumzi moja: piga msasa mlango huu, funika mbao zile, kisha kalete gundi dukani. Kijana alipiga msasa, akamaliza, akasimama. Akaitwa mvivu. Mwajiri hakutupigia simu, nasi hatukumpigia. Nilipofika nyumbani kwao, mama yake aliniambia neno moja tu: “Mwanangu hakushindwa kazi, alishindwa kuelezwa.” Na katika vitabu vyetu, waheshimiwa, kijana yule aliendelea kuhesabika kuwa ameajiriwa hadi mwaka ulipokwisha.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba tulikuwa tukiipima huduma yetu kwa siku ya kwanza ya kazi, ilhali wenzetu hawa huipoteza kazi siku ya mia.

Kwanza tuelewane kuhusu watu tunaowazungumzia. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili waweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na una tiba yake hospitalini. Ulemavu wa akili huanza utotoni, nao humfanya mtu ajifunze polepole na ahitaji kuelezwa kwa namna iliyo wazi. Mwenye usonji naye aweza kuwa na uwezo mkubwa wa kazi, lakini kelele, msongamano au mabadiliko ya ghafla ya ratiba yakamvuruga. Wote hawa wakifikisha miaka 18 huwa watu wazima mbele ya sheria. Kuwaita watoto hadi wanapoota mvi si upole. Ni kuwanyima utu uzima wao.

Sheria za nchi yetu hazikuwasahau. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 27 inahusu haki ya kufanya kazi na kujipatia riziki. Lakini tuseme ukweli: mwajiri anayetafuta kutimiza asilimia hiyo mara nyingi humchukua yule ambaye ulemavu wake unamalizwa na ngazi ya mteremko au kiti kinachofaa. Mwenye ulemavu wa akili hubaki nje, kwa kuwa msaada anaouhitaji haujengwi kwa saruji. Msaada wake ni mtu, muda na maelekezo.

Je, msaada huo una manufaa? Katika miaka ya 1970 huko Marekani, mwalimu aitwaye Marc Gold aliwafundisha watu wenye ulemavu wa akili kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15. Watu hao walikuwa wamehukumiwa kuwa hawafundishiki. Yeye aliigawa kazi katika hatua ndogo ndogo, akaonyesha hatua moja moja kwa maneno machache, na mwanafunzi aliposhindwa aliuliza kwanza kama njia ya kufundisha ndiyo iliyokosewa. Wakaweza. Tangu hapo utaratibu wa kumweka mtu kwanza katika kazi halisi, kisha kumfundisha papo hapo kazini, umeenea katika nchi nyingi.

Jambo hilo hatuhitaji kuvuka bahari ili kuliona. Nendeni kwenye kitalu chochote cha miche. Kujaza udongo kwenye viriba huonekana kuwa kazi moja, kumbe ni kazi sita: kuchukua kiriba, kukifungua mdomo, kujaza udongo, kukigonga chini ili udongo ushikane, kuongeza hadi kwenye alama, na kukipanga kwenye tuta. Mtu akizishika hatua hizo sita, kwa siku tatu au kwa majuma matatu, atazifuata kwa uaminifu ambao wengi wetu tungeuonea haya.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kutokana na hayo, ofisi yangu inapendekeza huduma hii iendeshwe kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kumjua mtu mwenyewe. Afisa asikae ofisini akajaza fomu kwa maneno ya mzazi. Amtembelee kijana kwao, amwone anapofanya kazi za nyumbani, na amuulize yeye mwenyewe anapenda nini. Tumewahi kumpeleka binti ufugaji wa kuku kwa sababu baba yake alipenda kuku. Binti alikuwa akiwaogopa.

Hatua ya pili ni kuijua kazi. Kabla ya kumpeleka mtu, afisa afike mahali pa kazi, aiangalie inavyofanyika, na aandike hatua zake. Achunguze pia usafiri, kelele, saa za mapumziko, na nani atakuwa jirani yake.

Hatua ya tatu ni kusimama naye. Katika majuma ya mwanzo awepo mwelekezi wa kazini, ambaye atapungua kidogo kidogo kadiri mfanyakazi anavyozoea. Sambamba na hilo, achaguliwe mfanyakazi mmoja wa palepale awe mwenyeji wake. Mwelekezi ataondoka, mwenyeji atabaki.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo tuliyoikosa, ni ufuatiliaji usio na mwisho wa haraka. Nashauri tumtembelee au tumpigie simu kila mwezi katika mwaka wa kwanza, na mara moja tukisikia kwamba msimamizi amebadilika au kazi imebadilika. Kamati za watu wenye ulemavu katika vijiji, mitaa na kata zipo kwa mujibu wa sheria. Zikishirikishwa, habari za tatizo zitatufikia kabla kazi haijapotea.

Sasa niseme kuhusu fedha, kwa kuwa hapo ndipo penye vidonda vingi. Wapo watu wazima wanaofanya kazi kutwa kuchwa na malipo yao ni sahani ya wali, kwa hoja kwamba “anasaidia tu”. Kazi inayomletea mwenye mali faida ni kazi, na kazi ina ujira. Wapo pia ndugu wanaopokea mshahara wa kijana wasimwonyeshe hata shilingi. Na katika mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambamo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, nimeona jina la kijana likitumiwa kuombea mkopo ambao hakuuelewa wala hakuugusa. Ibara ya 12 ya Mkataba nilioutaja inasema watu hawa wasaidiwe kutumia uwezo wao wa kisheria. Kumsaidia mtu aamue si kuamua kwa niaba yake. Afisa amweleze kijana mkopo ni nini kwa lugha rahisi, tena zaidi ya mara moja, na aone biashara yenyewe kwa macho.

Wazazi wangu, najua hofu yenu. Mnaogopa akichekwa, akipotea njiani, akidhulumiwa. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kuna swali ambalo nyinyi wenyewe huniuliza kwa sauti ya chini: siku tutakapoondoka duniani, nani atamwangalia? Kazi si jibu lote. Ila mtu mwenye kazi ana watu wanaogundua asubuhi asipoonekana.

Waheshimiwa Madiwani, nahitimisha kwa maombi matatu. Halmashauri itenge fungu la nauli na posho za waelekezi wa kazini. Halmashauri yenyewe, ikiwa mwajiri, ianze kuonyesha mfano katika vitalu, masjala na masoko yake. Na kuanzia sasa taarifa zetu za robo mwaka zisiseme tu wangapi wameajiriwa, bali wangapi bado wapo kazini baada ya miezi 6 na baada ya miezi 12. Takwimu hizo huenda zikatuaibisha mwanzoni. Afadhali aibu hiyo kuliko ile niliyoipata mlangoni kwa mama yule.

Yule kijana wa karakana bado yuko nyumbani. Tumeshazungumza naye, na anasema anataka kurudi kwenye mbao. Juma lijalo nitakwenda naye, na safari hii sitaondoka siku ileile.